Sauti Ndani ya Mashine ya Mama Philomène

Asubuhi ile redio ya Docteur ilitangaza kwamba waziri fulani kule Kinshasa ameahidi kila ofisi ya Zaïre, hata ile ya porini kabisa, itapata kompyuta. Tulikuwa wanne kwenye benchi na hakuna aliyecheka mara moja, maana habari ya namna hiyo mtu huitafuna kwanza. Halafu Cheminée akatoa sigara mdomoni, akauliza kwa upole kompyuta ya ofisi yetu ya Kikula, mtaa wetu wa Likasi, wataiweka juu ya nini, ikiwa meza ya mwisho ilibebwa wakati wa pillage, ule uporaji wa askari, na kiti kilichobaki mkuu wa ofisi anarudi nacho nyumbani kila jioni.

Benchi lenyewe lilikuwa ubao mrefu mbele ya kibanda cha Godefroid, fundi wa redio. Tulimwita Docteur kwa sababu redio ikilazwa kwake, wenyewe walianza kupanga kilio. Cheminée, yaani bomba la moshi, jina lake la ubatizo ni Isidore. Alikuwa mchoraji wa mabomba kule usine, kiwandani, na tangu usine ilale, yeye ndiye bomba pekee la Likasi lililoendelea kutoa moshi. Wa tatu ni Casimir, tuliyemwita Agence, kwa kuwa kila habari ya mji ilipita kwake, na ikishapita kwake ilikuwa imenenepa. Wa nne ni mimi. Nilikuwa mwalimu wa jiografia na shule ilikuwa kwenye mgomo, maana yake nilikuwa na nafasi.

Agence alimwacha Cheminée amalize, kisha akasema hakuna haja ya kungoja waziri. Kikula tayari ina kompyuta moja, na ni mgonjwa.

Kila mtu alijua anasema ya nani. Mama Philomène, mjane mwenye mabinti wawili, alikuwa sekretari wa mzungu mmoja wa kilimo kwenye mradi wa upande wa Tshangalele. Mambo yalipoharibika na wazungu wakaondoka, yule bwana aligawa alivyokuwa navyo. Mpishi alipata mbwa, mlinzi akapata buti, Philomène akapata kompyuta, ile ya kukunja kama sanduku dogo, pamoja na mashine yake ya kuchapisha. Kwa hiyo akafungua sekretarieti kwenye chumba chake cha mbele. Alichapa barua za kuomba kazi ambazo hazikuwepo, mialiko ya ndoa, na zaidi ya yote matangazo ya vifo, kazi pekee mjini petu ambayo uzalishaji wake haukuwa umeshuka.

Agence alieleza kwamba alipita huko jana kuandikisha tangazo la shemeji yake, akaisikia kwa masikio yake. Inaanza kidogo kama paka, inakwenda krrr, krrr, halafu inavuta pumzi na kuguna, na mwisho inapiga piii nyembamba ya kumtoa mtu jasho.

Docteur hakuinua hata kichwa. Alisema ni kondensa, kidude cha ndani ya redio. Kwa Docteur kila ugonjwa ulikuwa kondensa. Mke wake alipomkimbia tulimshuku kwamba aliitafuta kondensa hata hapo.

Cheminée alikataa. Alisema mashine yoyote inayozunguka ikiguna, basi kuna kitu kinachosugua kitu, na kwamba zamani, kule usine, wangeunda tume ya ufundi yenye rais, makamu na katibu. Nikamuuliza tume ingefanya nini. Akajibu ingekutana. Nikamwuliza na mashine je. Akasema mashine ingeendelea kuguna, lakini kwa utaratibu.

Hapo ndipo Agence akasema lile neno. Alilisema akiangalia barabara, kama mtu anayetema ganda la karanga.

"Minye nawaambia, ile mashine inalia sawa muntu mwenye balifunga mu valise."

Tulicheka sana. Mimi nilicheka mpaka munkoyo niliyokuwa nakunywa ikanipitia puani. Halafu kila mtu akaenda kutafuta chakula cha mchana, yaani tukaenda kutembea.

Neno la Agence halikwenda kutembea, lilikwenda sokoni. Hapo likapata miguu. Saa ya adhuhuri wauza samaki walikuwa wanasema Mama Philomène anafuga roho ya mtu ndani ya valise, sanduku la safari. Jioni roho hiyo ilikuwa na jina: ni marehemu mumewe. Tuliomfahamu marehemu tulishangaa kidogo, maana alikuwa mtu mkimya sana, na hatukuelewa kwa nini aanze kulia sasa, wakati mabaya mengi ya maisha yalikwisha kumpita. Kesho yake lori la Kakanda likaleta habari hiyo hiyo kutoka huko, ikiwa imekua: Likasi kuna mwanamke mwenye waume watatu ndani ya sanduku.

Hata hapo bado kilikuwa kichekesho. Kiliacha kuwa kichekesho siku Sephora alipougua.

Sephora alikuwa mjukuu wa Mama Clémentine, mwenye mashine ya kusaga mahindi, na chumba cha moulin hiyo kiliungana ukuta na chumba cha mbele cha Philomène. Clémentine alikuwa mama wa maombezi katika kanisa la Pasteri Elie. Mtoto alipopata homa kali na kuanza kuweweseka, Clémentine alimwita pasteri kabla ya kumwita mtu yeyote. Pasteri alikuja, akaomba, na katikati ya maombi moulin ilikuwa imezimwa, nyumba imetulia, na kutoka upande wa pili wa ukuta kikatoka kilio. Pasteri akaweka sikio ukutani. Mtu asimlaumu kwamba alidanganya, kwa kweli alikisikia.

Akatoa hukumu siku hiyo hiyo. Jumapili baada ya ibada, mashine iletwe kwenye uwanja wa kanisa ichomwe moto, ama sivyo mwenyewe ahame parcelle, kiwanja alichopanga. Mwenye nyumba aliafiki, kama wenye nyumba wanavyoafiki siku zote na yule anayekuja na watu wengi.

Ijumaa asubuhi Philomène akaja kwenye benchi. Hatukuwahi kumwona hapo. Alibeba kompyuta yake imefungwa ndani ya kitenge, akaiweka katikati yetu kwa uangalifu, kama mtu anayelaza mtoto, na Cheminée akalazimika kusogea. Hakusalimia. Macho yake yalikuwa mekundu, ila sauti ilikuwa kavu.

"Kuko muntu alisema hapa kama mashine yangu inalia sawa muntu mu valise. Njo nani?"

Docteur akagundua ana kazi ya haraka ndani ya kibanda. Cheminée akaanza kuisoma sigara yake. Mimi niliangalia viatu vyangu, ambavyo kwa kweli vilihitaji kuangaliwa. Mwishowe Agence, yaani Casimir, akavua kofia.

"Ni minye, Mama Philomène. Nilisema ju ya kucheka tu."

"Basi cheka," akasema Philomène. "Batoto yangu, bamama kwa kisima banabakatalia maji. Siku ya yenga batakuya kuunguza kazi yangu. Cheka sasa, nakusikia."

Yenga ndiyo Jumapili kwetu. Casimir hakucheka. Akaondoka pale pale akaenda nyumba kwa nyumba kukanusha, na hicho kikawa kitendo kibaya kuliko kile cha kwanza. Watu walimsikiliza kwa huruma, wakampa kiti, na alipotoka wakaambiana, mmeona, Agence naye wamekwisha kumloga, amesema hana habari. Alirudi saa tisa, amechoka, akasema kwa mara ya kwanza maishani ametoa habari ya kweli na hakuna aliyeinunua.

Tukaelewa kwamba maneno yamekwisha kuharibu vya kutosha, hayataweza kutengeneza. Ilibaki kujua mashine inalia nini.

Jumamosi asubuhi tuliiweka juu ya meza ya Docteur, Philomène akaiwasha mwenyewe. Ikaanza. Paka kwanza, halafu krrr, halafu ule mguno. Nakiri nywele za shingo zilinisimama, na mimi ni mtu wa jiografia. Docteur akaweka ncha ya bisibisi kwenye mgongo wa mashine na mpini sikioni mwake, akafumba macho, akasema kondensa. Mimi nilipendekeza tuizime na kuiwasha tena, shauri ambalo nimelitoa kwa vitu vingi katika nchi hii bila kufaulu. Ikazimwa, ikawashwa, ikaguna.

Cheminée alisema tuichomoe kwenye umeme. Tukaichomoa. Mguno uliendelea, na baada ya muda ikaja ile piii. Philomène akasema hiyo piii haimsumbui yeye, mzungu wake alimweleza: betri yake imezeeka, ikiona njaa inapiga piii, na kwake umeme unaanguka kila wakati, ndiyo maana watu wanaisikia mara nyingi.

"Ivi muliogopa njaa?" akauliza Casimir. "Kikula yote inapiga piii."

Ikabaki mguno. Philomène akatuonyesha pembeni tundu dogo lenye wavu, akasema zamani ilitoka hapo hewa ya moto, ukiweka mkono unaisikia, kuna kafeni, feni ndogo, ndani. Cheminée akainama, akavuta sigara, akapuliza moshi polepole mbele ya lile tundu. Sote tukaangalia. Moshi ulipaswa kusukumwa. Haukusukumwa. Ulikaa hapo, ukazunguka kidogo, kama watu waliofika ofisini wakaambiwa wangoje. Feni ilikuwa inajaribu na kitu kinaishika. Miaka yote ile tulimlaumu Cheminée kwa moshi wake, na siku hiyo ulifanya kazi kuliko sisi.

Basi lazima ifunguliwe. Hapo Philomène akaiwekea mkono juu. Alikuwa akiangalia rafu za Docteur, zile redio zilizolala na matumbo wazi, zingine tangu kabla ya pillage. Alisema kwamba itafunguliwa, lakini haitafunguliwa kwa siri, kwa sababu kitakachotoka humo watu watasema tumekiweka sisi.

Hakungoja sana. Miongoni mwa wagonjwa wa Docteur ilikuwapo amplifier ya kanisa la Pasteri Elie, na pasteri alikuja kuiulizia, kama kila Jumamosi, pamoja na Mama Clémentine. Walipoona mashine juu ya meza walisimama mlangoni. Pasteri akageuka kuondoka. Philomène alimwita bila kupandisha sauti.

"Pasteri, weye ulisikia kilio. Ikala basi, uone mwenye analia."

Pasteri hakuwa mtu mwoga, wala mtu mbaya. Akaingia, lakini badala ya kukaa akabaki amesimama, Biblia kifuani. Clémentine akabaki nyuma yake.

Docteur akafungua skrubu moja moja. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akifanya kazi bila kusema kondensa. Kifuniko kikagoma, halafu kikaachia.

Ndani kulikuwa kweupe.

Mwanzoni hatukuelewa tunachoangalia. Ilikuwa kama mtu amevisha vyuma vile shuka. Weupe ulijaa kwenye pembe, ulifunika nyaya, na pale kwenye kafeni ulikuwa umeshikana na mafuta na joto mpaka ukawa donge, na mabawa ya feni yalikuwa yanalisugua yakizunguka: krrr, krrr. Docteur akarudi nyuma hatua moja. Pasteri akashika Biblia vizuri zaidi.

Clémentine ndiye aliyesogea. Ni mtu wa kazi yake, na mtu wa kazi akiona kitu chake haoni kingine. Akapitisha mkono katikati yetu, akagusa kwa kidole, akasugua kidole na gumba, akaonja kwa ncha ya ulimi.

"Hii bunga ni yangu," akasema. "Angalieni vile iko laini. Hakuna moulin ingine ya hapa inasaga hivi."

Aliisema kwa majivuno. Halafu akasikia alichokisema. Kidole kikabaki hewani, cheupe, mbele yetu sote.

Mambo yakawa wazi bila tume wala katibu. Juu ya ukuta ule kati ya moulin na chumba cha Philomène kulikuwa na dirisha dogo lisilo na kioo. Kila siku Clémentine akisaga, vumbi la unga lilipita, na mashine iliyokaa chini yake, inayovuta hewa ili ipoe, ilivuta unga. Kila moulin ikinyamaza, ndipo majirani walisikia mguno. Shetani wa Kikula alikuwa bukari, ugali wetu, ambayo haijapikwa.

Casimir akaliangalia lile donge.

"Ivi mashine inakula kila siku," akasema, "na kwangu tunakula siku moja, tunaruka moja. Njo mwenye kulia ni yeye?"

Tulicheka, hata pasteri pembe ya mdomo ilimponyoka. Philomène hakucheka. Alikuwa anamwangalia Clémentine tu, na kicheko chetu kilipomfikia yeye kikafa. Akamwuliza habari ya Sephora. Clémentine akajibu kwa sauti ndogo kwamba mama wa mtoto alimpeleka dispensaire, wakakuta malaria, wakampa dawa. Tangu jana anacheza.

"Tangu jana," akasema Philomène. "Na haukukuya kuniambia."

Clémentine alitoa kitambaa kiunoni, akaanza kufuta kidole chake, akakifuta hata baada ya kuwa kisafi. Halafu akasema dirisha lile ataliziba mwenyewe, leo. Halikuwa ombi la msamaha, ila kwa Clémentine, ambaye hajawahi kukubali hata kwamba mizani yake inakosea, lilikuwa karibu sana nalo. Philomène akaitikia kwa kichwa, mara moja, na ikaishia hapo.

Pasteri naye alihitaji mahali pa kutokea. Akasema adui anaweza kujificha hata ndani ya unga, lakini aliyekuwemo sasa ametoka, na kwa hiyo hakuna haja tena ya moto. Akaomba kifupi, mkono juu ya mashine, akaondoka kwa heshima kama aliyeshinda. Tulimwachia ushindi. Ulikuwa bei rahisi.

Docteur akasafisha kwa brashi ya kunyolea ndevu na pampu ya baiskeli. Akafunga. Skrubu moja ilibaki juu ya meza, akaitia mfukoni haraka, na sote tulikubaliana bila kusema kwamba hatukuiona. Philomène akawasha. Kimya. Cheminée akapuliza moshi wake, na safari hii ukatupwa pembeni kama mlevi anayetolewa kwenye harusi. Philomène akaweka mkono mbele ya tundu kusikia hewa, na hapo tu macho yake yakajaa.

Mtu angedhani hadithi imekwisha. Huyo mtu haishi Kikula. Jumapili pasteri alitoa ushuhuda mbele ya kanisa, na jioni majirani walianza kutega masikio ukutani. Hawakusikia kitu. Wakategea tena. Jumatatu asubuhi jirani wa upande wa pili alihamisha kitanda chake mbali na ukuta, akieleza wazi kabisa kwamba zamani, ilipokuwa inalia, mtu alijua iko wapi. Sasa inanyamaza, na kitu kinachonyamaza kinapanga.

Philomène hakubishana. Nadhani alikuwa amechoka kubishana na kuta. Alichukua kompyuta, mashine ya kuchapisha na kameza kadogo, akaja kwa Docteur wakapatana habari ya waya wa umeme, akajiweka mbele ya kibanda, mchana, barabarani, mahali ambapo kila anayepita angeona anachofanya. Alisema kama ni bulozi, uchawi, basi waione ikifanya kazi.

Wakaja kuiona, na walipokuwa wanaiona wakakumbuka kila mmoja ana barua. Mashine iliyotolewa shetani ilikuwa na sifa kuliko ile ya kawaida. Watu walikuja hata kutoka mjini kuandikisha mialiko ya ndoa kwayo. Na wateja, kama inavyojulikana, hungoja wamekaa.

Sisi tulifika saa yetu ya kawaida tukakuta benchi limejaa. Bibi mmoja mwenye tangazo la kifo, vijana wawili wa kuomba kazi, na mwishoni Mama Clémentine mwenyewe, na karatasi ya kuwatangazia watu kwamba moulin yake inasaga laini kuliko zote. Cheminée alijaribu kujipenyeza kwenye kona yake. Philomène hakuacha kuchapa.

"Papa Isidore, kama uko na kintu ya kuandikisha, ikala. Kama ni masolo tu, simama."

Masolo ndiyo soga. Cheminée akasema kwa uchungu benchi hili ni letu tangu usine ilale. Philomène akamjibu kwamba amelisikia hilo, na kwamba amwambie kama anataka liandikwe, atamchapia vizuri. Tukasimama. Lakini soga za kusimama hazina ladha, miguu inaingilia mazungumzo. Cheminée akaondoka wa kwanza, moshi nyuma yake. Mimi nikakumbuka nina shule, nikaenda kuangalia kama mgomo bado upo. Upo.

Casimir, asiyejua pa kwenda, akarudi nyumbani. Mke wake alipomwona mlangoni saa ile ya mchana, kwa mara ya kwanza tangu usine ilale, akaweka sufuria chini, akafunga vizuri kitenge chake, akamwuliza ni nani amekufa.